Doa la Buluu

Wanauita mwaloni mweupe. Si mweupe.
Ukiupasua mbichi una rangi ya chai ya maziwa
iliyosahauliwa mezani, na harufu ya uchachu
inayoganda vidoleni hadi Jumapili, kanisani,
ambako mke wa mchungaji hunisalimu kwa ncha za kucha.

Baba, Doyle Yocum, alinifundisha kwa kikombe cha maji.
Kijiti cha mwaloni mwekundu, urefu wa kidole.
"Puliza."
Nikapuliza; upande wa pili maji yakatoa mapovu.
"Huyu ni shangazi yako Verlene," akasema.
"Unalomwambia huku linatokea kule."
Kisha kijiti cha mweupe. Nikapuliza hadi masikio yakaziba.
Maji tuli.
Mti huu, ukikomaa, huiziba mirija yake wenyewe
kwa utando mwembamba kuliko ule wa juu ya maziwa.
Ndiyo maana ya mapipa.
Ndiyo maana ya mbavu za mashua.
Ndiyo maana, nadhani, ya Baba.

Machi hii upepo uliung'oa ule wa malishoni,
juu ya bonde la Gasconade, ule ambao hatukuuchezea.
Niliukata robo, nikazipasua robo moja moja,
kazi ya mtu asiye na deni la haraka,
ili miale yake itoke usoni mwa ubao:
mabaka ya kung'aa, yanayozima ukisogea
na kuwaka ukirudi ulikosimama.

Ubao wa tatu, doa.
Buluu iliyokaribia weusi, imechirizika na nyuzi za mti
kama wino kwenye daftari lililonyeshewa.
Mgeni angesema umeoza.
Mimi nilizima msumeno.
Mwaloni una ukakasi, ule ule wa ndizi mbichi ulimini,
na ukakasi ukikutana na chuma, huandika.

Kwa patasi nikatoa misumari minne.
Vichwa vimekatwa kwa koleo, na mtu mzima, kwa hasira;
lakini shingo zote zimelalia upande mmoja,
jinsi zinavyolala akipigilia mtoto wa mashoto.
Nikahesabu pete kutoka hapo hadi gome.
Arobaini na saba.

Nilikuwa na miaka minne. Lowell alikuwa na tisa.
Ngazi ya vidato vya mbao, kibanda juu ya matawi:
maisha yangu yote nimeambiwa niliiota.
Walisema homa.

Nikampelekea Baba ubao ule barazani.
Akauweka mapajani kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake.
Kidole gumba kikatembea juu ya miale, taratibu,
kikafika penye doa, kikasimama.
Kifua kikapanda.
Nikasubiri povu.
"Usilirande hili," akasema. "Liache lionekane."
Na baadaye sana, kahawa ikiwa imepoa:
"Tengeneza meza."

Nimezipanga mbao bandani, vijiti katikati,
ncha nimezipaka nta zisikauke kabla ya moyo.
Mwaloni hauharakishwi. Ukiulazimisha kwa moto
unapasuka ndani kwa ndani, na nje unakutazama mzima.
Inchi moja, mwaka mmoja; hiyo ndiyo hesabu yake.

Mbao zangu ni inchi mbili.
Baba ana miaka themanini na sita.
Kila asubuhi anakwenda bandani kuzigonga kwa ukucha
na kusikiliza.