Makaa Yasiyowashwa

Bibi Petrie wa ghorofa ya juu hakulalamika.
Alibandika tu kikaratasi mlangoni kwangu, mwandiko wa mteremko:
"Lile ua lako linapenya sakafu.
Si kosa lake. Ni hizi dawa ninazotiwa kila Jumanne,
kila kinukiacho kinanitapisha, hata sabuni."

Asumini moja, jamani. Mche mmoja wa kopo
ndani ya kabati la nguo, chini ya taa,
maana Dundee, Desemba, jua huripoti kazini saa tatu kasoro
na saa tisa na nusu limeshaomba ruhusa.

Nikanunua feni ya inchi nne kwa muuza duka
aliyeniuliza, jicho moja limefumba, ninapanda nini.
Nikamwambia asumini.
Akacheka mpaka akashika kaunta.

Kisha kichujio: mtungi wa bati wenye matundu,
mzito kama mtoto wa miezi sita, tumboni makaa.
Nilipoutikisa ukachakarika, vumbi jeusi likanibaki vidoleni.
Makaa! Haya haya tunayoyajua.
Bibi yangu alididimiza kipande kwenye wali ulioungua,
kikanywa harufu ya moshi kabla wageni hawajanawa.
Na Ijumaa jioni kaa jekundu chetezoni
ndilo lililoupa udi ulimi.
La moto husema, la baridi humeza:
sikuwahi kuyaweka mawili haya pamoja
mpaka nilipopanda kigoda, bisibisi mdomoni.

Batuli mwanangu alishika tochi.
"Joto hupanda," nikamwambia, "kichujio kikae juu.
Feni ivute kupitia makaa, isukume nje kwa bomba.
Bomba linyooke. Pumzi haipendi kona."
Tukaining'iniza feni kwa mpira wa baiskeli
ili mtetemo usipande ukutani,
tukaziba kila kiungo kwa utepe wa fedha,
tukatoboa matundu chini, ya kuingizia hewa,
tukawasha.

Nyumba nzima ikanuka harusi.

"Baba, mshale," akasema Batuli.
Mshale ubavuni mwa feni ulikuwa unanitazama mimi.
Fundi umeme wa mabasi, miaka kumi na tisa,
nimeifunga kinyumenyume.
Nikafungua kila kitu, utepe ukinyonyoa nywele za mkono,
na juu yetu nikasikia miguu, mlango wa choo, maji.
Sikutukana. Nilitamani.

Mara ya pili mlango wa kabati ukabonyea ndani
kama shavu la mtu anayefyonza ukwaju.
Batuli akasogeza kipande cha karatasi ya choo
kwenye tundu la chini: kikadakwa, kikang'ang'ania.
Tukatoka ngazini, tukanusa kama paka.
Rangi ya zamani. Mvua. Supu ya mtu. Basi.

Asumini ikachanua Januari, ikachanua Februari,
bila shahidi.
Usiku mmoja nilifungua mlango, nikaingiza uso, nikafunga.

Mei, Bibi Petrie akashuka, kofia ya sufu, nyusi zimeanza kuota,
akaniuliza kama ua langu lilikufa.
Nikasema hapana.
"Basi zima hiyo mashine," akasema, "inanguruma usiku kucha.
Nilishamwita fundi aje aitazame friji yangu."

Nikakishusha kichujio. Sijui kama kilikuwa kimeongezeka uzito
au ni mikono yangu.
Nikakipeleka mpaka kwenye pipa la taka uani, nikarudi nacho.
Kipo chini ya kitanda.
Juzi Batuli aliweka pua penye yale matundu,
akavuta, akavuta tena.
"Hamna kitu," akasema.
"Imo," nikamwambia. "Makaa tu hayajawashwa."