Safu ya Wengineo

Saa kumi na moja alfajiri Noelene Tebbutt
anazima injini kando ya boya la manjano,
winchi inaanza kukoroma.
Nimeshika fomu na penseli.
Wino haukai kwenye karatasi lowa.

Jarife letu ni mita mia na hamsini.
Ghuba ya Corrigan ni kilomita mbili.
Hesabu ya darasa la tatu,
lakini waogao hawajaulizwa hesabu:
wanaona maboya, wanatupa taulo, wanaingia.

Papa hupita juu yake, hupita chini yake,
huizunguka ncha yake kama mtu akwepaye dimbwi.
Wengine tunawakuta wamenasa upande wa ufuoni:
walikwisha kuja,
walikwisha kuogelea na watoto wetu,
walikuwa wanarudi zao.

Wa kwanza leo ni taa, bawa limekunjwa, hai.
Noelene anakata uzi polepole,
kama afunguaye vifungo vya mtoto aliyelala.
Taa anadondoka gizani bila kuaga.

Kisha kasa.
Shingo imevutwa kuelekea juu;
mita nne tu zilimtenga na pumzi.
Husemwa mfa maji haachi kutapatapa.
Huyu aliacha. Nailoni inaonyesha
alipoanza, na alipoacha.
Gandani mwake kome wadogo, wote wazima.

Kisha pomboo. Jike. Mita mbili na nukta moja.
Maziwa yanatoka nilipopima,
na fomu haina mahali pa kuandika maziwa.

Fomu ina safu mbili:
Waliokusudiwa. Wengineo.
Waliokuwamo hawamo.
Wasiokuwamo wamejaa hadi nageuza ukurasa.

Simuulizi Noelene. Kaka yake, Keir,
aliingia hapa hapa akiwa na miaka kumi na tisa,
akatoka na mguu mmoja, akaishi siku mbili.
Kila mwezi wa Februari yeye hununua kamba mpya
kwa pesa zake mwenyewe.

Jua linachomoza. Kabla hatujaonekana kutoka ufuoni
anavuta turubai, anamfunika pomboo hadi mkiani,
anaikanyaga ncha isipeperuke.

Bibi mmoja wa kofia nyekundu, kiuno majini,
anatupungia mkono:
“Mmepata kitu?”

“Hakuna,” anajibu Noelene.
“Asanteni!” anasema bibi,
anapiga mbizi.

Nami naikunja fomu,
nzito kwa maji, nakala tatu.