Mstari wa Mia Mbili na Tisa

Jina nimelifuta. Namba ya simu pia.
Faili liko tayari kwa wageni wa ng'ambo
walioliomba kwa barua yenye mhuri.

Kabla sijalituma, nasoma tena:
mwanamke, miaka arobaini na saba, Igombe,
muuza dagaa, kazaa mapacha mara mbili,
kichocho, damu kwenye mkojo.

Pale mwaloni hata mtoto angedakia:
"Si Minza huyo?"

Basi umri nauandika arobaini kwenda hamsini.
Igombe inakuwa kando ya ziwa tu.
Mapacha, wote wanne, nawarudisha ndani
nafunga mlango.

Damu naiacha.
Ndiyo aliyonituma,
akipangusa magamba viganjani:
"Peleka ugonjwa, binti.
Mimi niache hapahapa."