Maji Chini ya Mwamba

Daftari hili si langu, ni la wizara:
jina, umri, shehia, malalamiko.
Safu ya "mengineyo" ni nyembamba,
haitoshi hata kuandika kikohozi.
Ndiyo niliyoijaza.

Jumanne. Mwatima Ngwali, sabini na mbili, presha.
Mkono umo kwenye mpira wa mashine, mwenyewe yuko mbali:
"Nimeota nyumba ya marehemu mama,
ina chumba ambacho hatukuwa nacho.
Nyoka mweupe kajizungusha mtungini.
Hanitishi, mwanangu. Ananingoja."

Ijumaa. Pandu wa Simai, miaka mitano, homa.
Kachora kwa kalamu yangu, nyuma ya kadi ya chanjo,
nyumba, mlango wa ziada, duara,
na ndani ya duara kamba yenye macho.
Nani huyu?
"Wa ndani," kanijibu. "Hang'ati."

Chuoni Mbweni, kipindi kimoja tu,
mvua inapiga bati hata hatusikii,
mwalimu alisema iko akili ya chini isiyo ya mtu mmoja,
tumezaliwa nayo kama tulivyozaliwa na kope.
Nikaandika, nikapiga mstari, nikafaulu,
nikasahau.

Lakini mimi ni mtoto wa Makunduchi.
Kwetu kila ua na kisima chake, ndoo yake, ugomvi wake,
na bahari ikijaa
chai ya mtaa mzima huonja chumvi asubuhi moja.
Kata yetu ilizama kisimani kwetu,
siku ya tatu ikaibukia kwa kina Mcha,
watu ambao hatukuwa tukiamkiana nao.
Bibi akaipokea, akaipangusa kwa kanga.
"Mwamba una matundu," alisema,
akarudi kupepeta mchele wake.

Sasa ni saa nane za usiku, wodi imelala.
Nawasikiliza wanavyopumua, kila mtu na chandarua chake,
nami nalijua joto la ule mtungi,
naijua ile harufu ya udongo mbichi mlangoni,
tangu sijang'oa jino la kwanza,
na sijamwambia mtu, hata aliyenioa.

Chini ya jina la Pandu nimeandika langu.
Umri: nimeuacha wazi.
Malalamiko: hakuna.

Asubuhi daktari kahesabu vitanda,
kahesabu tena,
kaniuliza mbona daftarini kazidi mmoja.