Umefika

Ramani ya simu ilisema: umefika.
Kulia, ukuta. Kushoto, ukingo wa chuma,
na chini ya ukingo, mbali kama maji ya kisima,
paa la hoteli yangu na shuka nne zilizoanikwa.

Hakuna aliyenidokeza kwamba Chongqing ni mji uliosimama wima,
kwamba utaingia jengo ukitoka barabarani,
utapanda lifti hadi ghorofa ya ishirini na mbili,
mlango utafunguka, na nje kuna barabara nyingine,
mabasi, mti, mtu akimenya machungwa,
kana kwamba ardhi nayo ilipanda lifti
ikakutangulia.

Gurudumu la sanduku lilinyofoka ngazi ya tisini na moja.
(Nilikuwa nahesabu. Msafiri wa peke yake huhesabu.)
Sanduku likanitoroka, likampita bibi na mbwa wake mwenye koti,
likapasuka pale ngazi zinapopumzika,
na mbele ya halaiki ya watu wasionijua
zikatandazika sidiria zangu, dawa za presha
na kofia ya sufu niliyoapa kuisahau nyumbani.

Akaja mwanamume na mzegazega wake wa mwanzi.
Dai Guangfu; jina nililipata baadaye.
Hakucheka. Aliokota kimoja kimoja
kwa ncha za vidole, kama anayemwibia kuku mayai,
akalifunga sanduku kwa kamba, akalitundika upande mmoja,
kisha akanyoosha mkono: lete na huo mkoba.
Si kwa huruma. Mzegazega una pande mbili,
na mzigo mmoja humwangusha mchukuzi.

Tulipofika chini, simu ikazimika. Nikampa noti.
Akaigeuza, akaiinua kwenye taa
kama aliyeonyeshwa picha ya shangazi aliyemsahau.
Chenji hana; huku watu hulipana kwa kumulika vimiraba vyeusi.
Noti akaichukua Bi Rao Suqin, muuza tambi,
na chenji tukaila, bakuli mbili.

Mdomo wangu ukafa ganzi. Ganzi kweli, ya daktari wa meno.
Nikaomba mchuzi, neno nililojifunza ndani ya ndege,
akaniletea kisahani cha sukari.
Nikarudia kwa sauti kubwa, kama wajinga wote.
Akaongeza sukari.
Kumbe maneno ya huku nayo yana ghorofa,
na mimi nilikuwa nimeshuka kwenye lifti mapema.

Siku ya pili nikaenda kutalii kama watu.
Nilivuka mto kwa gari la waya: ukungu mtupu.
Nililipia mto, nikaonyeshwa kisogo cha mtu.
Nikaenda kuitazama treni inayopita tumboni mwa jengo.
Wageni husimama chini wameachama
wapigwe picha kama wanaimeza.
Kijana mmoja alinipiga. Ninayo hadi leo:
mimi, kinywa wazi, magego yote hadharani,
na juu yangu reli tupu.
Treni ilishapita.

Mgeni siku mbili. Ya tatu, jembe
lilinijia kwa umbo la vitunguu saumu, beseni zima.
Bi Rao hakuuliza kama nina nafasi.
Nikamenya nimechuchumaa, magoti yakilalamika,
Dai amesinzia, mwanzi wake umeegemea friji ya soda.

Jioni Bi Rao akaniuliza jambo.
Alirudia polepole, akionyesha kilima, madirisha,
taa zilizorundikana hadi zikapotea ukunguni,
nikadhani anauliza: kwenu wewe
mnaishi ghorofa ya ngapi?
Nikanyoosha kidole kunako sakafu. Chini.

Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani,
akarudi na kiti kifupi cha plastiki, chekundu,
akakipangusa kwa aproni.

Nikakaa.