Ufunguo Mfukoni

Zima kwanza, Shaame. Ufunguo utie mfukoni,
si pale juu ya tangi.
Gia iwe huru. Gurudumu lizungushe kwa mkono,
polepole, kama msokota kamba ya usumba.

Udongo wa Konde umeganda kwenye pingili,
na konyo moja la karafuu limenasa humo.
Chovya mswaki mkuukuu kwenye mafuta ya taa, sugua.
Petroli hapana: jiko la mama yako linawaka hapo nyuma.
Futa kwa kile kipande cha kanga
ambacho jina lake limeshafutika.

Sasa mafuta. Tone kwa tone, upande wa ndani;
yaliyozidi yafute. Yakirukia tairi,
kona ya Kinyasini haina msamaha.

Unanicheka nikihesabu nyiradi kwa vidole:
nafika tisa, narudi nyuma.
Siku ile injini ilikuwa ikinguruma,
nami nawahi mzani wa karafuu usifungwe.
Kitambaa kikatangulia, kidole kikafuata.
Cheni ilizunguka mara moja tu, yenyewe kimya,
kwa kuwa ilikuwa imetiwa mafuta vizuri.

Haya, zungusha tena.
Ngoja.
Ufunguo uko wapi? Nionyeshe.