Rangi ya Joho

Toleo la kwanza lilitoka Machi, mwaka wa arobaini,
kurasa sitini na nne kwa senti kumi,
na Kimulimuli jaladani akiruka mapaa ya Bridgeport,
mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake.
Isidor Flaum alimchorea mezani pa jikoni
kati ya sahani ya samaki na mtoto anayeota meno.
Alilipwa dola mia moja na thelathini.
Mkataba ulikuwa nyuma ya hundi, herufi kama sisimizi:
ukitia saini upate pesa, umeuza na jina.
Alitia. Kodi ya nyumba ilikuwa imechelewa siku tisa.

Joho alilitaka zambarau.
Aliandika pembeni kwa penseli: kama divai ya Pasaka yetu.
Lakini karatasi ile ya bei ya chini
ilinyonya wino kama mchanga unyonyavyo maji,
zambarau ikatoka tope.
Ghorofa ya pili, kwa wasichana wa kutenga rangi,
mama yangu, Leokadia Wrzos, miaka kumi na tisa,
akafuta buluu, akazidisha manjano,
hakumwuliza mtu.
Joho likawaka chungwa.
Msimamizi alichungulia: haya, mashine zinasubiri.

Jumapili alikwenda kanisani na glovu nyeupe,
si kwa urembo.

Vita vikaja, karatasi ikapimwa kwa ratili.
Kimulimuli akakonda, kurasa hamsini na mbili,
akasafiri melini ndani ya mabegi ya wanamaji.
Nakala nyingine zilirudi na madoa ya kahawa.
Nyingine hazikurudi, wala wasomaji wake.

Mimi nilizaliwa baada ya hayo.
Nilikuwa na miaka saba walipokusanya katuni uani mwa shule,
mwalimu mkuu kashika kiberiti, akina mama wakipiga makofi.
Mama hakupiga.
Alinipa tatu nikatupe.
Nilitupa mbili.
Alitazama moto muda mrefu, akasema taratibu,
kama mtu anayehesabu chenji:
manjano ndiyo inayotangulia kuungua.

Toleo la mia moja na kumi na saba likawa la mwisho.
Kisha halikuwa la mwisho:
miaka ya sitini wakamfufua kwa buti za fedha,
miaka ya themanini wakamuua, watu wakapanga foleni mtaa mzima
kununua kifo chake ndani ya mfuko wa plastiki,
na baada ya miezi minane akaamka, maana duka lilikuwa tupu.
Kila aliyekuja alibadilisha kitu, kidevu, kinyago, hata mchumba.
Joho hakuna aliyeligusa.

Flaum alichumia juani, kivulini wakalia wengine.
Alimalizia Yonkers akiandika mabango ya dobi.
Mahakama ilimrudishia jina lake, chini ya ukurasa wa kwanza,
dogo, ulitafute kwa miwani.
Toleo moja safi liliuzwa mnadani kwa bei ya nyumba tatu.
Na profesa mmoja amesifu, kurasa kumi na mbili,
kipaji cha Flaum cha kuchagua chungwa,
eti ni machweo ya mhamiaji.
Binti yake aliniambia kwa simu, akicheka hadi akakohoa:
baba aliichukia rangi ile mpaka siku ya kufa.

Leo nimeipeleka ile ya tatu, toleo la ishirini na sita,
maktaba ya chuo, kwenye chumba baridi kisicho na dirisha.
Kijana wa zamu ni mpole, kucha zake safi.
Kabla sijagusa kitabu changu mwenyewe
amenipa glovu nyeupe.
Nimezivaa.
Nimefunua ukurasa wa nne, pale anaporuka mto,
na ukingo wa karatasi umemeguka, makombo ya kahawia,
yakabaki juu ya kidole.
Kijana amesema, usijali, ni kawaida.
Nimekaa nayo hivyo hivyo, mkono wazi,
sijui niyapulize au niyarudishe wapi.